Ukuta Mweupe na Mapambo Yake: Historia ya Rangi katika Nyumba za Mwambao

Atakaye kupaka nyumba yake rangi siku hizi huanzia dukani. Hupewa kitabu chembamba chenye vipande vingi vya rangi, akaviinamia, akapeleka kidole huku na huku, kisha akaagiza madebe. Swali lililo mbele yake ni moja: ukuta huu uwe wa rangi gani? Katika miji ya mawe ya mwambao wetu, kuanzia Pate na Lamu hadi Unguja na Kilwa, kwa karne nyingi swali hilo halikuulizwa hivyo. Ukuta ulikuwa mweupe, na jambo hilo lilikuwa limekwisha. Kilichochaguliwa, tena kwa makini na kwa gharama, ni vile vitu vilivyowekwa mbele ya weupe huo: sahani, vioo, mikeka, nguo na maua. Rangi ilikaa katika vitu vinavyohamishika, nao ukuta ukawa ni wa kuvidhihirisha.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini wazee walichagua hivyo, ni nani aliyelipia weupe huo, na kwa nini leo uchaguzi wa rangi katika nyumba ya mawe si suala la macho peke yake, bali ni suala la nyumba kusimama au kuanguka.

Yafaa tuanze na lugha, maana lugha nayo ni nyumba ya kale. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi pekee ndivyo vinavyovaa viambishi vya ngeli kama vivumishi vingine: ukuta mweupe, mlango mweusi, vitambaa vyekundu. Rangi nyingine zote tumeziita kwa majina ya vitu. Kijani ni ya majani. Manjano ni ile bizari itiwayo katika mchuzi. Zambarau ni tunda, kahawia ni ya kahawa, kijivu ni ya majivu, waridi ni ua, samawati ni mbingu kwa Kiarabu, na nili ni ile rangi ya buluu iliyofanyiwa biashara katika Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Hata neno lenyewe “rangi” asili yake ni Kiajemi. Kwa hiyo Mswahili asemapo “nguo ya zambarau” huwa amekumbuka tunda kabla ya kufika kwenye nguo. Rangi tatu tumezaliwa nazo katika lugha. Nyingine tumezichuma mashambani, tumezinunua sokoni, au zimetufikia kwa jahazi.

Nyumba ya mawe ilipangwa kwa namna iyo hiyo. Weupe wa chokaa, weusi wa kivuli, na wekundu ulioiva wa mbao na boriti, hizo ndizo zilizokuwa rangi za jengo lenyewe. Zilizobaki ziliingia mlangoni zikiwa ni vitu.

Weupe huo wageni waliuona tangu zamani. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mwandishi wa shajara ya safari ile aliandika kwamba nyumba za mji ni ndefu, zina madirisha mengi, na zimepakwa chokaa vizuri. Miaka michache baadaye, Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliisifu Kilwa kwa nyumba zake za mawe na chokaa na milango yake ya mbao iliyonakshiwa. Watu hao walikuja na mizinga, na mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na kutekwa nyara na wenzao. Lakini hata jicho la adui lilikiri jambo mojawapo la kwanza ambalo mtu huliona akiwa majini: ule mstari mweupe wa mji baina ya bahari na minazi.

Chokaa hiyo ilitoka baharini, na hapa inapasa tueleze utengenezaji wake, kwa kuwa bila ya kuujua hatuwezi kufahamu ukuta. Mawe ya kujengea yalichimbwa katika miamba ya nchi kavu, ambayo nayo ni matumbawe ya zama za kale yaliyoachwa na bahari. Yale ya kuchongea mihrabu na miimo ya milango yalikatwa ndani ya maji yangali hai na laini, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu. Ama ya chokaa, yalivunjwavunjwa na kupangwa juu ya duara kubwa la magogo, ikawa tanuri la wazi, likatiwa moto. Kwa joto la kiasi cha digrii 900, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake, likabaki chokaa kali. Ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kuumuka, ikawa unga au uji mweupe. Na kadiri inavyowekwa ikiwa majimaji, miezi kwa miezi, ndivyo inavyozidi kuwa laini.

Ikishapakwa ukutani, chokaa huanza safari ya kurudi. Siku baada ya siku huvuta kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, na polepole hugeuka tena kuwa jiwe. Ukuta uliopakwa chokaa, basi, umevikwa jiwe la namna ile ile lililo ndani yake. Ngozi na mwili ni kitu kimoja, vyote viwili vikiwa vimezaliwa na matumbawe. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo litakalotufaa tutakapofika kwenye saruji.

Chokaa haikuishia ukutani. Ilichanganywa na shahamu ikawa deheni, ikapakwa chini ya jahazi ili kuukinga ubao. Ilitiwa kidogo katika tambuu pamoja na popoo, ikawa uraibu wa kumkaribishia mgeni. Na hapo weupe wa chokaa ulipokutana na kijani cha jani kinywani, vikatoa wekundu. Chombo, kinywa na nyumba vilishiriki kitu kimoja. Mtu wa pwani aliyetazama ukuta wake mweupe hakutazama kitu kigeni. Alitazama kitu alichokijua kwa ulimi, kwa mikono na kwa pua.

Sasa tuingie ndani. Nyumba ya kiungwana ya Lamu ya karne ya 18 ilimpokea mtu barazani, penye daka, ikamgeuza katika tekani ili jicho la mpita njia lisione ndani, kisha ikamfikisha kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi kwa juu. Kutoka hapo vyumba vilifuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti huvuka nafasi ya mita 3 hivi tu, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Mwanga wote ulitoka kiwandani. Kila hatua ya kuelekea ndani ilikuwa ni hatua ya kuelekea gizani.

Hapo ndipo weupe ulipofanya kazi. Ukuta wa chokaa ulipokea mwanga ule mchache na kuupokezana, kutoka msana hadi msana, mpaka ukafika mwisho wa nyumba ukiwa hafifu lakini ungalipo. Na huko mwisho, ndani kabisa, ndiko mafundi walikotia ustadi wao mkubwa: ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vya lipu vilivyopangwa safu juu ya safu, vikitofautiana kwa ukubwa na kwa kina, hata mtazamaji hudhani chumba kinaendelea zaidi ya pale kinapokomea. Nakshi hizo zote hazikuwa na rangi. Kilichozichora ni kivuli. Nyeupe juu ya nyeupe, jua likipanda na kushuka, mchoro ulibadilika tangu asubuhi hadi alasiri pasipo mtu kugusa brashi.

Lakini zidaka hazikukusudiwa kukaa tupu. Ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina, nyeupe zenye maua ya buluu, na nyingine za kijani kibichi kilichofifia. Vyombo hivyo vilithaminiwa hata vikatiwa katika majengo yenyewe: katika kuba za msikiti mdogo wa Kilwa Kisiwani, na katika mnara wa kaburi la Kunduchi. Baadaye, katika karne ya 19, zilikuja sahani za Ulaya, zikiwamo za Maastricht nchini Uholanzi, zenye maua mekundu na kijani. Sahani haikuwa kitu cha kulia tu. Ilikuwa dalili ya biashara, ya safari na ya jina la ukoo, na wako waliosema pia kwamba jicho la husuda hutua juu ya sahani likamwacha mwenye nyumba salama.

Kwa Unguja tunaye shahidi wa ndani. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ameeleza humo vyumba virefu vyenye kuta nene zilizopakwa chokaa, zenye madaka marefu yaliyogawanywa kwa rafu za mbao zilizotiwa rangi ya kijani, na juu ya rafu hizo vyombo bora vya kioo na kaure vikiwa vimepangwa kwa ulinganifu. Kauli hii fupi ina mpango mzima wa rangi wa nyumba ya zama zile. Ukuta mweupe, mstari mwembamba wa kijani, nao ni wa mbao unaoweza kupakwa upya au kuondolewa, kisha vyombo, ambavyo ndivyo vyenye rangi zote.

Na wapenzi wa mashairi hawana haja ya kukumbushwa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotaka kuonyesha kwamba Pate imekwisha, hakuhesabu maiti wala majeshi. Alitazama nyumba, na miongoni mwa alivyovitaja ni yale madaka ya sahani, ambayo sasa wanalala makinda ya ndege. Msomaji wa zamani alihitaji kidogo tu kama hicho. Alijua kwamba kuta zimesimama ila pambo limetoka, na kwamba nyumba iliyotokwa na rangi zake imetokwa na watu wake.

Faida ya mpango huo ilikuwa kubwa. Rangi iliyo ukutani humlazimisha mwenye nyumba kuishi nayo katika furaha na katika msiba. Rangi iliyo katika vitu huja na kuondoka kulingana na hali ya watu. Ilipofika harusi, chumba cha bibi harusi kilijazwa: mikeka ya ukindu uliotiwa rangi, kitanda kikatandikwa, asumini na mawaridi yakamwagwa, na nguo bora zikatolewa sandukuni. Palipotokea msiba, vitu vilikunjwa na kuwekwa, mkeka ukabaki, na ukuta uleule ukawa wa huzuni. Nyumba haikuhitaji fundi ili ibadilike. Ilihitaji mikono ya wenye nyumba, na mikono hiyo aghalabu ilikuwa ya wanawake. Katika Lamu nyumba ilijengwa au kuongezwa ghorofa kwa ajili ya binti anayeolewa, mumewe akahamia kwake. Kwa hiyo tunaposema “mwenye nyumba alichagua rangi”, tusimwone mwanamume peke yake.

Kanga nayo, iliyoenea tangu nusu ya pili ya karne ya 19, iliingia katika mpango huu kama aliyezaliwa ndani yake. Na si kitu kidogo kwamba kisutu, kanga ya bibi harusi, ina rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ni zile tatu za lugha, na ni zile tatu za jengo.

Walakini haitakuwa haki kuusifu weupe huu bila ya kuuliza ulitoka katika mikono ya nani. Nyumba ya mawe haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya waungwana na matajiri. Waliobaki walikaa katika nyumba za udongo na makuti, pembezoni mwa mji au mashambani. Na kazi ya kukata mawe, kubeba magogo, kuchoma matanuri na kupandisha mizigo, katika karne za 18 na 19, sehemu yake kubwa ilifanywa na watumwa. Chokaa kali huchoma ngozi na macho. Aliyeichoma hakulala katika chumba ilichokiangaza. Tena mavazi yake nayo yalipangiwa rangi: kaniki, nguo nyeusi iliyokoza nili, ilikuwa alama ya utumwa. Kwa hiyo mji mweupe uliokuwa ukionekana kutoka baharini ulikuwa pia ni tangazo. Ulisema nani amekaa ndani, na ulinyamaza kuhusu nani ameujenga.

Historia ya rangi baada ya hapo ni historia ya watu kuivunja mipaka hiyo. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake walioachwa huru waliiacha kaniki wakavaa kanga za rangi. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza kwa kina jinsi mavazi yalivyokuwa uwanja wa kudai heshima katika Unguja ya wakati ule. Nyumba zilikwenda njia hiyohiyo. Huko Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya hori lililoutenga Mji Mkongwe, watu walijenga kwa boriti, fito na udongo, wakaezeka makuti. Na aliyejaliwa uwezo alipiga lipu ya chokaa na kuipaka nyumba yake nyeupe. Mtu akiipita nyumba kama hiyo asifikiri imeiga tu nyumba ya tajiri. Weupe uliokuwa wa wachache ulikuwa umechukuliwa na wale ambao wazee wao waliuchoma.

Wakati huohuo Mji Mkongwe nao ulikuwa ukipokea rangi kutoka Bara Hindi. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga maduka yenye makazi juu, wakatoa roshani za mbao zilizotobolewa kama kimia, wakatia vioo vya rangi juu ya madirisha. Jengo la Tharia Topan katika ufuo wa Malindi ya Unguja, lililowekewa msingi mwaka 1887 na kukamilika mwaka 1894, ndilo mfano ulio maarufu kuliko yote. Kioo cha rangi hakikuvunja ile kanuni ya zamani, bali kiliitimiza kwa njia mpya. Jua likipita kiooni, rangi nyekundu, buluu na manjano huanguka juu ya ukuta mweupe, zikatembea pamoja na saa, kisha jioni zikaondoka. Bila ya ukuta mweupe hakuna pa kuangukia.

Tusidhani pia kwamba chokaa ilikuwa nyeupe siku zote. Mafundi waliweza kuitia rangi, ila chokaa ni kali na huchagua rafiki. Rangi nyingi za mimea huziunguza zikafifia. Zinazostahimili ni zile za udongo, manjano ya ngeu na wekundu wake, pamoja na buluu ya unga, ile ya kufulia, ambayo ikitiwa kidogo huufanya weupe uonekane mweupe zaidi, na ikizidishwa hutoa samawati nyepesi. Ndiyo maana rangi za kuta za zamani zote ni za upole. Upole huo ulitokana na hulka ya chokaa zaidi ya kutokana na hulka ya wapakaji.

Badiliko kubwa lilikuja na saruji. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kuitoa katika miaka ya 1950, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, katika miaka ya 1960. Saruji hukauka upesi, ni ngumu, na haihitaji kungojewa miezi. Katika Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ambazo wenyewe waliondoka zilichukuliwa na serikali zikagawiwa wapangaji, familia nyingi katika nyumba moja, kila moja na chumba chake. Desturi ya kupaka chokaa mara kwa mara, kabla ya Ramadhani au kabla ya harusi, ilihitaji mwenye nyumba mmoja aliye na jukumu. Ukuta wa watu kumi huwa si wa mtu. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na utalii ukaja, fedha zilirudi mjini, lakini zilirudi zikiwa na saruji na madebe ya rangi ya plastiki na ya mafuta.

Hapa ndipo lile jambo tulilolikumbusha linapodai haki yake. Ukuta wa matumbawe ni ukuta unaopumua. Hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka mvuani, pamoja na chumvi, na hauna njia ya kuyatoa isipokuwa kupitia ngozi yake. Chokaa huyaruhusu yapite. Hubanduka kidogo kila mwaka, ikapakwa tena, na hiyo ndiyo kazi yake. Saruji na rangi ya mafuta huziba. Maji yakikosa pa kutokea hubaki ndani. Chumvi huganda nyuma ya lipu ikaisukuma, rangi ikavimba na kupasuka. Chokaa ya zamani iliyofungamanisha mawe hulowa na kulegea. Na vichwa vya boriti, vilivyoingizwa ukutani, huoza polepole mahali ambapo hakuna anayeviona. Nje nyumba hung'aa kuliko ya jirani; ndani dari inaanza kuinama. Mwenyewe akiona rangi imebanduka humwita fundi aongeze saruji, naye kwa nia njema huzidisha maradhi.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lamu ikafuata mwaka 2001. Heshima hizo hazizuii ukuta kulowa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa na mizigo yake ya muda mrefu, na hapana anayesema kwamba liliangushwa na rangi. Lakini siku ile iliwaonyesha wengi kwamba ukuta wa kale ni kitu kinachoweza kufa, tena kinaweza kufa na watu.

Basi anayekaa leo katika nyumba ya mawe na anataka kuipa rangi, afanye nini? Jibu la “rudini kwenye chokaa” ni sahihi lakini halijatimia, maana chokaa nayo ina deni. Matanuri yalikula mikoko, na katika baadhi ya sehemu za pwani yamekula matumbawe yaliyo hai, ambayo ndiyo nyumba ya samaki na ndiyo ngome ya ufuo. Chokaa inayofaa wakati wetu ni ile ya mawe ya nchi kavu, iliyochomwa kwa kuni zilizopandwa kwa kusudi hilo. Ni ghali zaidi na ni ya kungojea. Anayewaambia wapangaji maskini waitumie, na asiseme nani atalipa, anarudia kosa la zamani la kupenda weupe bila ya kumtazama mchomaji.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hekima ya wazee haihitaji fedha. Kabla ya kununua debe lolote, mtu na akwangue kwa kisu pembeni mwa ukuta, mahali pasipoonekana, ahesabu tabaka. Katika nyumba nyingi atakuta rangi ya mafuta juu, chini yake pengine samawati au manjano hafifu ya chokaa, na chini kabisa nyeupe juu ya nyeupe, ukoko mwembamba wa miaka mingi. Akiukuta ukoko huo asiufunike kwa saruji. Kama ana uwezo wa kuipata chokaa, apake chokaa. Kama hana, ni afadhali aache ukuta na madoa yake kwa mwaka mmoja kuliko kuuziba. Na kwa nyumba mpya ya matofali ya saruji, ambako ukuta hauna cha kupumua, bado kanuni ya mwanga ipo: vyumba vyetu ni vyembamba, jua letu ni kali, na ukuta mweupe au wenye rangi nyepesi huleta mwanga ndani na kupunguza joto nje.

Baada ya hapo ndipo aanze kuchagua rangi, na achague kwa moyo wake wote. Sahani ya bibi iliyofungiwa kabatini irudishwe mahali pa kuonekana. Mkeka wa ukindu ununuliwe kwa msusi anayejulikana kwa jina, kanga itundikwe dirishani iwe pazia, na rafu ya mbao itiwe kijani kama zile za Mtoni. Vitu hivyo vikichosha vitabadilishwa, vikichakaa vitarithiwa na wengine, na siku ya harusi vyote vitatolewa kwa pamoja. Ukuta utavingoja, nao mwaka ukizunguka utahitaji ndoo moja ya chokaa, brashi, na mtu wa kushika ngazi.